Mwulizeni Mwenyewe

Wanangu wa wodi ya macho, siku mliyoniaga mkanipa kitenge na saa ya ukutani, mmoja wenu alisimama akasema, "Mama Roda, tuandikie hata kurasa chache, tusije tukarudia makosa yako." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana nilijua papo hapo ni kosa lipi ningeliandika. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili langu la utumishi. Anayezitaka akazisome huko, kama panya hawajamtangulia.

Nilifika hospitalini nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Nilipangiwa wodi ya wazazi. Ilipofika saa nne asubuhi akaja mlangoni Bwana Sakalani, tabibu wa macho, mtu mrefu mwenye koti lililofuliwa mpaka likawa la rangi ya uji. Akauliza kama kuna muuguzi mwenye mikono isiyotetemeka. Msimamizi akanionyesha mimi, nadhani ili aniondoe njiani.

"Nyosha mikono," akasema.

Nikanyosha. Ilikuwa inatetemeka.

"Itaacha," akasema, akageuka. Nikamfuata, na nikaendelea kumfuata kwa miaka ishirini na saba.

Siku hizo chumba chetu kilikuwa na meza moja, tochi mbili, chati ya herufi ukutani, na vibano vya kung'olea kope. Asilimia kubwa ya kazi ilikuwa vikope. Kina mama walikuja kutoka vijiji vyenye vumbi, kope zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Bwana Sakalani alinifundisha kushika kibano kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto wake. Alinikemea mara moja tu kwa sauti, nilipomshika bibi mmoja kichwa ghafla. "Huyu hakuoni," akasema. "Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Wewe kwake ni mikono tu inayotokea hewani." Hilo lishikeni. Mashine zimeongezeka, lakini mgonjwa bado haoni mikono yenu.

Baada ya vikope, kazi iliyobaki ilikuwa mtoto wa jicho. Tulipasua siku moja, tukafungua bandeji kesho yake asubuhi, baada ya sala za wodini. Na kila asubuhi ya kufungua bandeji, Bwana Sakalani alisoma sura ileile ya Injili, ile ya mtu aliyezaliwa kipofu. Mnaijua. Yesu alimpaka tope machoni, akamtuma akanawe, akarudi anaona. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na jicho moja limefungwa, wakisikiliza kama watu wanaosomewa barua ya nyumbani.

Mimi niliipenda sura ile kwa sababu niliona ni ya furaha. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini nilipomwambia hivyo.

"Isome mwenyewe," akasema. "Halafu uje uniambie nani alifurahi pamoja naye."

Nikaisoma. Ni sura ndefu. Majirani wanabishana kama ni yeye au mtu anayefanana naye. Wakubwa wa dini wanauliza kwa nini aliponywa siku ya sabato. Wazazi wake wanaulizwa, nao kwa kuogopa kutengwa wanasema ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Yeye anajibu, anajibu tena, anachoka, mwishoni wanamtoa nje. Niliipitia mara tatu nikitafuta hata mtu mmoja aliyempa mkono wa pongezi. Sikumpata.

"Basi sisi tutakaokuwa tunafungua bandeji," Bwana Sakalani akaniambia, "tujue kwamba shida ya huyu mtu inaanza hapo."

Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye huzuni zake. Niliyoyaona kila wiki yalikuwa vigelegele. Mzee mmoja alimtazama mkewe baada ya miaka minane akauliza, "Umezeeka lini, na mbona hukuniambia?" Wodi nzima ikacheka, na mke akacheka kuliko wote. Wengine waliomba kioo, kisha wakajuta.

Damari alikuja nikiwa nimekaribia miaka hamsini. Tulikuwa kwenye huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini, tumeweka meza kwenye zahanati moja upande wa Gulwe, foleni imetoka nje hadi kwenye michongoma. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, ameshikwa mkono na baba yake, Mzee Ndahani, mama yake akiwa nyuma na kikapu. Nilimwuliza jina, akajibu baba. Nikauliza alianza lini kutoona, akajibu baba: akiwa na miaka kumi na mmoja, alianza kuona ukungu, shule ikamshinda, miaka miwili baadaye giza. Nikamwuliza kama macho yanauma. Baba akasema hayaumi.

Nikawasha tochi. Mboni zote mbili nyeupe kama maziwa ya mgando, lakini zilivyojikunja kwa mwanga, nilitaka kuruka.

"Huyu ataona," nikasema.

Mzee Ndahani hakufurahi kwanza. Aliinama karibu na sikio langu. "Nesi, nikuulize. Kule kwetu wanasema kuna aliyekosa. Wengine wanasema mimi, wengine mama yake. Wewe umesoma. Ni nani?"

"Hakuna aliyekosa, mzee. Ni mtoto wa jicho."

Mama yake, aliyekuwa hajasema neno, akakaa chini sakafuni na kikapu chake.

Tulimpasua jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi, baada ya sura na sala, nilimfungua mimi. Alipepesa, machozi yakamtoka, akatulia. Mama yake alikuwa amesimama mbele yake, ameshika ncha ya khanga mdomoni.

"Mama?" Damari akasema. "Ni wewe? Mbona mdogo hivi?"

Mara ya mwisho kumwona, alikuwa anamtazama kwa kunyanyua shingo. Mama alipiga kigelegele kilichokatika katikati kikawa kilio. Mzee Ndahani alitoka nje, tukamwona dirishani amejishika kichwa, mabega yanatikisika. Nawaambia haya ili msije mkamdhania vibaya. Alimpenda binti yake.

Mchana ule Damari alimwuliza Bwana Sakalani swali ambalo hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kutuuliza. "Baba, yule kipofu wa kwenye sura, baada ya kutolewa nje, aliishi wapi?"

Bwana Sakalani alifikiri. "Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, akaenda akamtafuta, akampata. Baada ya hapo haijaandikwa."

"Haijaandikwa," Damari akarudia, kama anayeweka kitu mahali.

Tulimruhusu na chupa ya matone, mara nne kwa siku, asiguse jicho, asibebe maji kichwani, arudi baada ya wiki mbili. Jicho la kushoto baada ya miezi miwili. Alirudi siku ileile aliyopangiwa, na mama yake. Jicho lilikuwa safi, lakini uso umepungua.

Nikamwuliza habari za nyumbani. Akanisimulia taratibu, huku anatazama mikono yake, tabia aliyoianza tangu aanze kuona.

Siku ya kwanza kijijini walikuja watu wengi. Wengine walisema si yeye, kwamba Damari wa kweli alifia hospitali na huyu ameletwa badala yake. Walimwonyesha vidole, masuke ya mtama, kuku, ataje rangi. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa akimletea uji kila asubuhi kwa miaka, aliacha. "Sasa unaona, si ukalime," akamwambia. Mwingine akasema kumbe siku zote alikuwa anadanganya.

Hayo aliyavumilia. Lililomwelemea lilikuwa kikundi cha maombi. Kiongozi wao, waliyemwita Mwalimu, alikuwa amemwombea na kufunga kwa ajili yake miaka saba. Si mtu mbaya. Alifika nyumbani analia kwa furaha, akataka Jumapili Damari asimame mbele ya watu ashuhudie kwamba maombi yamefungua macho. Damari akasimama. Akasema anawashukuru waliomwombea, na kwamba alipasuliwa jicho hospitali, kadi anayo.

"Mwalimu aliitazama ile kadi," akaniambia. "Halafu akasema, miaka saba nimekaa na njaa kwa ajili yako, leo unaniambia ni kisu? Nikamwambia, Mwalimu, labda ni vyote viwili. Akasema hapana, Mungu hagawani utukufu na kisu. Akawaita wazazi. Baba ni mzee wa kikundi. Akamwuliza, Ndahani, mtoto wako alifunguliwa na nini?"

"Baba akasemaje?"

Mama yake akatazama pembeni.

"Akasema, ana miaka ishirini na sita. Mwulizeni mwenyewe."

Wanangu, mnajua nilifanya nini? Nilipiga kofi mezani nikasema, "Lakini hii ni ile sura! Neno kwa neno!" Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Mama nesi," akasema, "nilipokuwa sioni, baba alinisemea kila kitu, hata jina langu. Siku niliyoona ndiyo siku aliyonyamaza. Na yule wa kwenye sura ameshamaliza. Mimi narudi kule leo."

Kisha akauliza kama anaweza kubaki hospitalini mpaka wakati wa jicho la pili. Nikamweleza utaratibu, kwamba kitanda ni cha mgonjwa, na yeye sasa hakuwa mgonjwa. Nilimweleza vizuri, kwa upole, kama tunavyofundishwa. Nyumba yangu ya watumishi ilikuwa na chumba kilichojaa masanduku na baiskeli mbovu. Hilo sikumweleza. Nikamjazia chupa nyingine ya matone, akaenda kupanda gari.

Miezi miwili ikafika, hakuja. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye faili, ya baba yake. Akasema, "Yuko salama," simu ikakatika. Nikatuma barua kupitia zahanati. Bwana Sakalani alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na kila Jumatatu aliuliza, "Yule binti amekuja?"

"Hajaja. Nimeandika barua."

Mara ya tatu alivua miwani yake. "Roda, yule aliyesikia wamemtoa nje aliamka akaenda. Hakuandika barua."

Hata hivyo nilichelewa. Kulikuwa na ukaguzi, kisha mkoba wa upande mwingine, kisha harusi ya mdogo wangu. Zote ni sababu za kweli. Nilifika Gulwe baada ya miezi mitano, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Mama yake alinipokea uani. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, kisha akashindwa kuendelea kwa lugha yoyote.

Damari alikuwa amekaa kwenye mkeka, anabambua karanga, uso ameugeuzia ukutani. Nikamwambia ni mimi, na kwamba nitamshika kidevu. Nikawasha tochi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha: kioo chote cheupe, limenywea ndani. Nilipitisha mwanga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama ndiye aliyenieleza. Kikundi kilisema kama uponyaji ni wa Mungu, dawa ya nini? Na kama anatumia dawa, basi hajapona, amemkana Mungu mbele ya watu. Wakawaambia wazazi wachague. Mzee Ndahani alichukua chupa ya matone akaimwaga mchangani. Wiki ya pili baada ya hapo jicho likawa jekundu, likauma mpaka akawa anajigonga ukutani. Wakasema ni adhabu. Alipopelekwa zahanati hatimaye, mama akiwa amemshika peke yake, hapakuwa na cha kuokoa.

"La kushoto bado linaona mwanga," nikamwambia Damari. "Nimelipima. Tukilipasua utaona. Utakaa kwangu, chumba kipo. Nakuomba."

Aliendelea kubambua. "Nione nini, mama nesi? Wote nimeshawaona."

Mzee Ndahani alikuwa nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Alinisikia, hakutoka. Mama akaninong'oneza kwamba tangu jicho lioze hajamsemesha binti yake. Akitaka kumwambia kitu anamtuma mama. Hata salamu.

Nilimpelekea Bwana Sakalani habari hizo nyumbani kwake. Alikuwa ameshastaafu, anapogolea zabibu zake. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji akaniuliza jicho lilikuwaje, nami nikamweleza kitaalamu, kwa sababu kitaalamu ndiyo njia pekee niliyoweza. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alifariki mwaka uliofuata.

Tangu hapo, kila mkoba wa Gulwe ulipopangwa, niliomba niwemo. Nilimtembelea Damari kila mara, nikauliza juu ya jicho la kushoto, akakataa kila mara, kwa adabu, akanipa karanga za kupeleka nyumbani. Miaka tisa. Kule wodini niliacha kusoma sura ile asubuhi za bandeji, nilisoma zaburi. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini, nikasema macho yangu yanachoka na maandishi madogo.

Mkoba wangu wa mwisho, nikiwa nimebakiza miezi, nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ileile, nikanyanyua tochi nikamwona Mzee Ndahani mbele yangu. Alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi. Nikampima.

"Macho yako mazima, mzee."

"Najua. Nimepanga foleni nipate nafasi ya kusema." Nyuma yake watu walianza kunung'unika. "Nesi, ile dawa niliimwaga mimi. Hawakunishika mkono. Na siku ile kwa Mwalimu, nilijua jibu. Nilikuwepo hospitali, niliona kwa macho haya. Niliogopa watanitoa. Nilizaliwa hapa, ningeenda wapi?"

"Usiniambie mimi, mzee. Mwambie yeye."

"Nitaanzia wapi? Miaka tisa sijamwita jina."

"Anza na jina."

Jioni tulikwenda pamoja. Damari alikuwa uani na mama yake, wanapepeta mtama. Mzee alisimama, kofia mkononi.

"Damari."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Mama akageuka akatutazama, akauondoa ungo taratibu.

"Nani?" Damari akauliza, ingawa sote tulijua anajua.

"Baba yako." Akapiga magoti mwanamume yule mbele ya binti yake, jambo ambalo sijaliona mahali pengine katika nchi hii, akayasema yote, ya Mwalimu na ya chupa. Damari alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nayajua. Kaseme kule uliponyamaza."

Jumapili nilikwenda nao. Kikundi sasa kilikuwa na jengo la bati, na Mwalimu alikuwa amezeeka, anashika meza anaposimama. Wakati wa shuhuda Mzee Ndahani akanyanyuka. Sisi watatu tulikaa benchi la mwisho.

"Mimi ni mzee wa kikundi hiki," akasema. "Mliniuliza binti yangu alifunguliwa na nini, nikasema mwulizeni mwenyewe. Nilikuwa najua. Alipasuliwa hospitali, akaona. Alisema kweli hapa, mkamwita mwongo, nami baba yake nikanyamaza. Dawa yake niliimwaga mimi. Kipofu huyu mnayemwona leo si Mungu aliyemfanya. Ni mimi, na ninyi mkiwepo."

Bati lilisikika linavyotanuka kwa jua. Mwalimu akakaa chini, uso ameuficha kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa analia, lakini sina hakika, na sikupata nafasi ya kumwuliza. Wale waliokuwa karibu naye ndio walioinuka. Kijana mmoja mwenye tai akamwambia Mzee Ndahani kwamba hawezi kuwa mzee wa kikundi tena, na ni vizuri atoke, ibada iendelee. Akatoka. Alitembea katikati ya mabenchi huku watu wanatazama sakafu, alipofika kwetu akanyosha mkono, akakumbuka kwamba hauonekani, akasema, "Damari, nakushika mkono." Akamshika. Tukatoka wote wanne.

Njiani walitangulia wao wawili. Alikuwa anamwelekeza, hapa pana korongo, hapa pana mzizi, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. Damari alikuwa anamwuliza mambo madogo madogo. Mbuzi wa nani wale? Ule mti wa kwa shangazi bado upo? Yeye anajibu. Mama na mimi tulibaki nyuma makusudi.

Tulipofika nilimwambia Damari kwamba naondoka, na kwamba nikishastaafu wapo vijana hodari wodini, nimeshawaachia jina lake. Nikamwuliza kwa mara ya mwisho kuhusu jicho la kushoto, nikiwa nimejiandaa kwa jibu nililolizoea.

"Nitakuja," akasema. "Lakini si mwaka huu, mama nesi. Mwaka huu niache kwanza nimsikie."